Geuzeni Sahani Kwanza, Jamani

Wadogo zangu mnaoanza kukusanya Picasso wa udongo, yaani sahani na majagi ya mchoraji Pablo Picasso, nawapenda, ila mnanichosha. Kila siku napokea picha ya uso wa sahani: "Kaka, ninunue?" Mgongo wake uko wapi?

1. Hati iko mgongoni. Picasso alikutana na Suzanne na Georges Ramié, mke na mume wenye karakana ya ufinyanzi, kule Vallauris, kusini mwa Ufaransa, mwaka 1946. Kuanzia 1947 hadi 1971 karakana yao ya Madoura ikatoa matoleo 633 ya kazi zake, kila toleo likiwa kazi moja iliyorudiwa kwa idadi maalumu, mengine ya vipande 25, mengine 500. Muhuri wa "Edition Picasso" unamaanisha mafundi wa Madoura waliinakili kazi yake kwa mkono. "Empreinte Originale de Picasso" ni udongo uliokandamizwa kwenye kalibu ya plasta iliyotokana na mchoro aliouchonga yeye. Acheni basi kuwatambia wageni kwamba mzee alilishika kila jagi. Hakulishika.

2. Ombeni ripoti ya hali, yale maelezo ya mnada kuhusu nyufa na matengenezo ya kipande. Hapa ndipo nilipoungua. Jagi la Picasso lenye umbo la bundi, mnada wa mtandaoni, bei imegota chini. Nikajisemea, leo wenzangu wamelala. Kumbe walikuwa macho kunishinda: wao waliomba ripoti, mimi niliona haya kusumbua watu. Jagi likafika, nikaliweka sebuleni, nikaringa nalo miezi. Halafu akaja mkusanyaji mmoja mkongwe. Hakusifu chochote. Akazima taa, akatoa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, akamulika. Mpini ukang'aa kama meno ya mtu diskoni. Ulikuwa umevunjika, ukagundishwa, ukapakwa rangi juu. Nikawaandikia wale wa mnada kwa ghadhabu. Wakajibu kwa adabu zote kwamba maelezo yalikuwepo kwa yeyote aliyeyaomba. Nilipotaka kuliuza, kadirio halikufika hata nusu ya nilicholipa, na hapo sijagusa ada ya mnunuzi ambayo mnada huongeza juu ya dau, usafiri na ushuru, mambo ambayo nanyi mnayasahau kila mnapopandisha dau. Kwa muda nilimnunia bundi. Bundi hana kosa.

3. Vinyufa vya glezi, ile ngozi ya kung'aa iliyofunika udongo, visiwatishe, ni kawaida. Ufa uliotokeza upande wa pili, huo ulizieni.

4. Msiloweke! Udongo usio na glezi hunywa maji, na uchafu uliojificha ndani hujitokeza usoni. Brashi laini, basi.

5. Tafuteni katalogi ya Alain Ramié, kitabu kilichoorodhesha matoleo hayo ya Madoura. Zile namba za A.R. mnazoziona minadani zimetoka humo. Linganisheni vipimo, muhuri na idadi ya toleo kabla ya dau. Kijana mmoja aliniambia kitabu hicho ni ghali mno, wiki ileile aliyonunua sahani "adimu sana" ambayo ilitolewa vipande 500. Sasa anataka kuazima changu. Hakitoki nyumbani, aje akisomee hapa, na sahani yake aje nayo, kifudifudi.