Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Msimamizi Ndani ya Paipulaini

Swali: Salaam, mhariri. Tuko watatu hapa Kisumu, tunaendesha mfumo wa kurekodi mizani ya miwa ya wakulima kwenye klasta ya Kubernetes (mfumo wa kuendesha programu ndani ya kontena) yenye seva 3, tuliyoijenga kwa zana ya kubeadm. Paipulaini yetu ya GitLab (mlolongo wa kazi za kujenga na kusambaza programu) husambaza matoleo mapya kwa faili la admin.conf, lenye ufunguo wa msimamizi, tuliloliweka kwenye vigeu vya mradi. Mwenzetu mmoja anasema tunacheza na moto. Ni kweli?
— Msomaji, Kisumu

Jibu: Ni kweli, ndugu zetu. Mwenye admin.conf anaweza kufuta neimspesi (sehemu iliyotengwa ndani ya klasta) yoyote na kusoma siri zote za klasta. Faili la mistari mingi GitLab haiwezi kulificha kwenye kumbukumbu za kazi. Yeyote anayeweza kubadilisha .gitlab-ci.yml (faili la maagizo ya paipulaini) kwenye tawi linalokipata kigeu hicho ataongeza amri moja tu ya `cat` kulichapisha faili, na ufunguo uko nje.

Wekeni GitLab Runner, programu inayotekeleza kazi za paipulaini, ndani ya klasta yenyewe, kwenye neimspesi yake, tuseme `mitambo`. Kisha iundieni akaunti ya huduma yenye haki finyu kwenye neimspesi ya kazi, `miwa`:

`kubectl create serviceaccount msambazaji -n mitambo`

`kubectl create role sambaza -n miwa --verb=get,list,watch,create,update,patch --resource=deployments.apps,replicasets.apps,services,configmaps`

`kubectl create rolebinding sambaza -n miwa --role=sambaza --serviceaccount=mitambo:msambazaji`

Kwenye config.toml ya Runner, chini ya `[runners.kubernetes]`, andikeni `service_account = "msambazaji"`. Tokeni ya akaunti hiyo itaingizwa kwenye podi (kundi la kontena) ya kazi na kujihuisha yenyewe. Hakuna ufunguo wa kunakili popote. Runner hiyo iwe ya mradi huu peke yake na ihudumie matawi yaliyolindwa tu, la sivyo kila mradi utakaoitumia utarithi haki hizo.

Hakikisheni kabla ya kuamini:

`kubectl auth can-i delete deployments -n miwa --as=system:serviceaccount:mitambo:msambazaji`

Jibu liwe `no`. Mkiweka `patch` badala ya `delete`, liwe `yes`.

Orodha ya haki za `sambaza` haina `secrets` (siri), lakini msijidanganye. Anayeweza kubadilisha Deployment (maelezo ya podi zipi ziendeshwe) anaweza kuiagiza podi ipakie Secret yoyote ya neimspesi hiyo na kuichapisha. Siri za malipo zikae neimspesi nyingine. Podi isiguse diski ya seva pia:

`kubectl label namespace miwa pod-security.kubernetes.io/enforce=baseline`

Linalosahaulika na wengi ni lile faili la zamani. Kulifuta GitLab hakutoshi, kwa sababu Kubernetes haina njia ya kubatilisha cheti kimoja cha mteja. Kitoeni cheti (`client-certificate-data`) ndani ya faili, mkifungue kwa `base64 -d`, kisha mkisome kwa `openssl x509 -noout -subject -enddate`. Mkiona `O = system:masters`, cheti hicho huruka kabisa ukaguzi wa haki; kitafanya kazi hadi tarehe ya mwisho, ambayo kwa kubeadm kwa kawaida ni mwaka 1. `kubeadm certs renew` hutoa kipya bila kuua cha zamani. Dawa kamili ni kubadilisha mamlaka ya vyeti ya klasta, kazi ya kupangiwa usiku mizani ikiwa imefungwa. Hadi siku hiyo, fungeni mlango 6443 wa API ya Kubernetes kwa anwani zote za nje.

Swali: Paipulaini yetu inamaliza kijani kabisa, lakini wateja wanaendelea kuona toleo la jana. Shida iko wapi?
— Msomaji, Nakuru

Jibu: Tazama matokeo ya `kubectl apply`. Yakisema `unchanged`, huenda imeji yako (kifurushi cha programu kinachoendeshwa ndani ya kontena) ina lebo isiyobadilika, kama `latest`: maandishi ya Deployment ni yaleyale, kwa hiyo Kubernetes haioni sababu ya kuunda podi mpya. Ipe kila imeji lebo ya komiti yake, `$CI_COMMIT_SHORT_SHA`, na uiandike lebo hiyo kwenye Deployment.

Yakisema `configured`, jua kwamba `apply` hurudi mara tu agizo linapopokelewa. Podi zinaweza kuanguka dakika moja baadaye na hakuna atakayekuambia. Ongeza mstari huu, ukiweka jina la programu yako:

`kubectl rollout status deployment/risiti --timeout=180s`

Podi zisipokuwa tayari ndani ya muda huo, kazi itakuwa nyekundu. Hapo `kubectl rollout undo deployment/risiti` hurudisha toleo lililotangulia. Hairudishi hifadhidata, kwa hiyo mabadiliko ya majedwali yawe yale ambayo toleo la zamani bado linaweza kuyasoma.

Swali: Ni lazima niweke `privileged = true` kwenye Runner ili nijenge imeji?
— Msomaji, Kakamega

Jibu: Hapana. Kontena yenye haki hiyo inaweza kuishika seva nzima pamoja na podi zote zilizo juu yake. Jaribu Buildah au BuildKit bila haki za root. Zikigoma, jengea imeji kwenye mashine ya pembeni isiyo sehemu ya klasta.