Kwa rubani mgeni wa Kusini: milima mifupi isikudanganye

Rubani anayepangiwa Mtwara kwa mara ya kwanza hufika akiiogopa bahari na kuidharau milima. Amesharuka karibu na Meru, amezoea kuiona Uluguru kila akitoka Dar es Salaam, halafu anaambiwa kwamba uwanda wa juu wa Makonde hufika kiasi cha mita 900 tu. Anacheka. Acheke akiwa bado chini. Mlima mrefu unauona tangu mbali, na safari nzima unaipanga kwa ajili yake. Mfupi unakutana nao mawingu yakiwa yamekushusha, umebeba mzigo, na akili yako imeshatua.

Kabla ya kufikiria injini, soma umbo la nchi. Upande wa baharini uwanda wa Makonde unapanda polepole mno. Ukitoka Mtwara kuelekea Tandahimba hutambui hata kama ardhi inakufuata kwa chini. Upande wa magharibi na kusini unakatika ghafla. Nenda siku moja Newala kwa gari, usimame Shimo la Mungu utazame bonde la Ruvuma, utanielewa. Sasa weka upepo juu ya umbo hilo. Kusi hutoka kusini mashariki, kaskazi hutoka kaskazini mashariki. Yote mawili huupita uwanda kutoka baharini na kuporomoka kwenye ukingo wa magharibi. Kwa hiyo anayetoka Masasi, magharibi ya uwanda, kurudi Mtwara ana ukuta mbele, upepo wa uso, na hewa inayoshuka, vyote mahali pamoja. Unainua pua, altimita, kipimo cha urefu, haipandi. Unaongeza nguvu, bado haipandi, na kwa kuwa upepo wa uso umekula kasi yako juu ya ardhi, unakaa muda mrefu zaidi ndani ya hewa hiyo mbaya. Anayetoka Mtwara kwenda Masasi anaupita ukingo huohuo akiwa na urefu wa ziada na tambarare mbele yake. Ni njia moja, lakini kwenda si sawa na kurudi.

Urefu wako utafute juu ya Masasi, mahali penye nafasi, hata kama itabidi uzunguke mara mbili tatu. Usijipe moyo kwamba utaendelea kupanda huku ukikaribia ukingo. Upepo ukiwa mpole, vuka ukiwa na futi 1,000 zaidi ya ardhi ya juu. Ukiwa mkali, taka 2,000. Usiuendee ukingo moja kwa moja. Uendee kwa mshazari wa nyuzi 45, ili mambo yakikataa uondoke kwa kukata robo duara badala ya nusu. Na tumia macho. Ukiona nchi ya ng'ambo inaongezeka nyuma ya ukingo, utapita. Ikianza kujificha, geuka sasa hivi, usisubiri kuhakikisha.

Kugeuka kunahitaji uwanja, na hapo hesabu iko wazi. Kwa kasi ya noti 90, yaani maili 90 za baharini kwa saa, ndege ikilala nyuzi 30, duara lako lina upana wa mita 760 hivi. Kwa noti 120 na mlalo uleule, upana unakaribia mita 1,350. Ndiyo maana ndani ya bonde tunapunguza kasi mapema, na hatupiti katikati. Ukishika upande mmoja, bonde zima linakuwa nafasi yako ya kugeukia. Ukipita katikati, umejinyima nusu.

Kuna njia ya pili, na mimi naipenda kuliko vijana wanavyoipenda: bonde la Lukuledi. Unatoka Masasi, unaipita Ndanda chini ya ukingo, unafuata barabara kuu hadi Mtama na kuteremka mpaka ghuba ya Lindi, kisha unashika pwani kuelekea Mtwara. Umakonde unabaki kulia, uwanda wa Rondo kushoto, na chini yako kuna barabara yenye magari. Ni ndefu zaidi, na abiria anayeijua ramani atauliza kwa nini unazunguka. Mjibu kwa adabu, endelea kuzunguka. Mawingu yakiwa yamekaa juu ya uwanda, hiyo ndiyo njia, na bonde nalo likiwa limefunikwa, siku hiyo unalala Masasi.

Habari ya ukungu usiichukulie kwa taarifa ya uwanja wa Mtwara peke yake. Taarifa ile inakueleza hali ya pwani. Juu, hewa yenye unyevu ya baharini inapanda mteremko, inapoa, na asubuhi za kusi Newala inaweza kufunikwa kabisa wakati Mtwara kuna jua. Piga simu kwa mtu aliye huko. Mzee mmoja wa Newala niliyezoea kumpigia hakuwahi kunitajia futi wala kilomita. Alikuwa akisema, “Mwanangu, mwembe wa jirani siuoni,” nami nakaa nakunywa chai hadi saa nne.

Hewa hiyohiyo ndiyo inayotengeneza barafu ndani ya kabureta, pale hewa na mafuta vinapochanganyika kabla ya kuingia kwenye injini. Wageni hawaamini, maana nje kuna nyuzi 22. Lakini mafuta yanapogeuka mvuke joto la humo ndani linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 20. Ukipunguza nguvu kuanza kushuka, fungua joto la kabureta, yaani hewa ya moto ya kuzuia barafu, kabla injini haijaanza kukohoa.

Oktoba na Novemba tatizo linageuka: joto. Chukua uwanja ulio futi 2,000 juu ya bahari, mchana wa nyuzi 33. Kwa kipimo cha kawaida ambacho marubani hulinganishia hewa, hapo pangekuwa na nyuzi 11. Kila nyuzi moja iliyozidi ihesabie futi 120, nyuzi 22 zinakupa futi 2,640 zaidi. Ndege yako itaruka kama iko futi 4,640, propela ikishika hewa nyepesi na njia ya kurukia ikiisha upesi. Ondoka saa moja asubuhi, au punguza mzigo. Mwenye magunia atakwambia juzi mwenzako alibeba yote. Muulize alibeba saa ngapi.

Miezi hiyohiyo, na iliyotangulia, watu wanachoma mashamba na moto unatembea porini. Moshi hautishi kama wingu, ila unafuta upeo wa macho. Kati ya Nachingwea na Liwale misitu ya miombo inafanana maili hadi maili, na ukisema “nitatua popote” jua hakuna popote. Weka mafuta ya kwenda, ya kurudi, na ya kwenda kwingine, kwani petroli ya ndege ndogo haipatikani kila uwanja wenye kibendera cha upepo.

Viwanja vya vijijini vipitie juu kwanza. Tazama mbuzi, baiskeli, watoto wa mpira, na upande wa Liwale hata tembo. Tazama pia utatokea wapi ukighairi kutua, kwa sababu miti ya mwisho wa njia haikukatwa kwa ajili yako.

Kabla hujawasha injini, mwachie mtu mmoja njia utakayopita na saa ya kufika, umwambie aanze kuulizia ukichelewa nusu saa. Nyuma ya milima redio ya Mtwara inaweza isikusikie ukiwa chini. Ukiwa na shida panda kama unaweza, ita kwenye 121.5, masafa ya redio ya dharura, na marubani wa ndege kubwa zinazopita juu huwa wanaisikiliza. Ukifika, mpigie yule mtu kabla ya kushusha mzigo. Mtandao ukikosekana uwanjani, chukua bodaboda hadi mahali mtandao utakapopatikana.