Barua kwa mwanangu anayetaka kununua Vitz

Nguba, Bukavu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, na mara ya tatu niliusomea ndani ya gari lenyewe, mbele ya geti, nikingoja mvua ipungue. Unasema huko Lubumbashi umeonyeshwa Toyota Vitz ya mwaka 2006, ya injini ya lita 1.3 na gia za otomatiki, iliyoshushwa melini Dar es Salaam ikaingilia mpaka wa Kasumbalesa, na kwamba wenzako wa hospitalini wanakushauri uachane nayo, usubiri miaka miwili upate fedha za RAV4, kwa kuwa gari dogo ni gari la majuto. Ukaniuliza: “Mama, wewe umeishi na Vitz miaka tisa, unaipendea nini, na kitu gani kimekuchosha?”

Jibu langu ni kwamba uinunue, ikiwa fundi ataipitisha. Lakini ujiandae kwa jambo moja ambalo nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu ndilo lililoniumiza kuliko mengine yote: gari dogo hubeba chochote unacholipakia mpaka siku linapovunjika, kwa hiyo wewe mwenyewe ndiwe utakayepaswa kulisemea kwa watu, na wengi wao ni watu unaowapenda.

Nianze na ninayoyapenda, maana ni mengi. Bukavu unaijua: mji umekaa juu ya vilima vinavyoingia ziwani, njia ni nyembamba, na nyingine zinaishia kwenye ukuta wa jirani. Gari lenye upana usiofika mita 1.70 na urefu wa mita 3.75 hupita mahali ambapo jipu hulazimika kukunja vioo na kurudi kinyumenyume. Siku za soko la Kadutu huliingiza kati ya lori linaloshusha unga na kibanda cha muuza mitumba, nikabakiza nafasi ya kufungua mlango na kushuka bila kumsukuma mtu. Sijawahi kumlipa kijana yeyote anionyeshee jinsi ya kutoka.

Tangu mwaka wa kwanza naandika kila lita ya esansi katika lile daftari la bluu unalolijua. Katika milima yetu hii, kilomita 100 zimekuwa zikila lita 7 na nusu kwa wastani. Nikienda Kavumu na kurudi bila msongamano, zinashuka hadi 6. Jipu la marehemu baba yako lilikuwa likinywa lita 14 kwa safari hizo hizo. Tofauti hiyo nilikuwa nikiiweka kwenye bahasha kila Jumamosi jioni, na bahasha hiyo ndiyo iliyolipa ada ya mwaka wako wa mwisho wa uuguzi. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na mitihani.

Kuhusu wanaokuambia kwamba ni gari la wanawake, wala wasikuondolee usingizi. Vitz ilitoka Japani mwaka 1999, na Ulaya iliuzwa kwa jina la Yaris. Waandishi wa habari za magari wa huko waliichagua kuwa Gari la Mwaka 2000, na Japani pia ilipata tuzo ya namna hiyo. Hiyo unayoonyeshwa ni ya kizazi cha pili, kilichoanza mwaka 2005, kama hii yangu. Vali za injini yake zinaendeshwa kwa mnyororo, si kwa mkanda wa raba unaotakiwa kubadilishwa baada ya makumi ya maelfu ya kilomita, na kwa kuwa magari haya yamejaa kila mji, hakuna fundi asiyewahi kuifungua wala duka la vipuri lisilo na plagi au breki zake.

Sasa nguvu. Wenzako wakisema gari halina nguvu, wanasema kweli nusu. Kwenye karatasi injini ya 1.3 ina nguvu za farasi 87, lakini hewa ya milimani ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Bukavu iko kwenye mita 1,500 na zaidi, basi katika zile 87 mimi ninabaki na 74 hivi. Lubumbashi nayo, ingawa ni tambarare, iko juu ya mita 1,200. Ukiwa peke yako hutaona lolote. Ukiwa na watu wanne na kiyoyozi kimewashwa, utakanyaga na injini itapiga kelele bila gari kuongeza mwendo, na hapo hupaswi kuendelea kukanyaga. Zima kiyoyozi, vuta subira, acha lipande kwa hatua yake. Pia maji ya rejeta: kwenye mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100, kwa hiyo mfuniko wa rejeta uliolegea, ambao pwani ungekuvumilia, hapa utakuchemshia injini. Tumia maji ya rejeta yanayouzwa dukani, usijaze ya bomba.

Nije kwenye lile lililoniumiza. Chini ya gari hili, kutoka ardhini hadi chuma cha kwanza, ni sentimita 14 au 15, haifiki shubiri. Hiyo ni likiwa tupu. Wajapani walipoandika uzito wake wote walihesabu watu watano wa kilo 55 kila mmoja, yaani kilo 275, na wakaishia hapo. Miaka mitano iliyopita tulikwenda Walungu kwenye sherehe ya mahari ya binamu yako. Tulikwenda watano, watu wazima watupu, na wakati wa kurudi wenyeji wetu, kwa upendo wao, walitupakilia gunia la maharage na mikungu miwili ya ndizi. Nilitazama magurudumu ya nyuma yakiingia ndani ya mbawa zake, nikanyamaza. Nilinyamaza kwa sababu shangazi zako walikuwa wameshaketi na wanaimba, na kumwambia mkwe kwamba zawadi yake ni nzito kulikuwa kunanishinda.

Hatukufika mbali. Kwenye shimo lililojaa maji gari liligonga jiwe, sauti moja tu, nzito, kama mchi ndani ya kinu. Tulikwenda mita mia mbili hivi, kisha ikawaka ile taa nyekundu yenye umbo la birika. Baba yako mdogo akasema ni waya tu, tuendelee hadi lami. Nilizima injini palepale, nikashuka. Nyuma yetu, juu ya mawe yaliyolowa, kulikuwa na uzi mweusi wa oili uliofuata njia yetu yote, na pale ulipogusa maji ulikuwa unameta rangi za upinde wa mvua. Bakuli la oili, lile la chini ya injini, lilikuwa limepasuka ufa usiozidi urefu wa kidole changu kidogo. Injini hii hubeba lita 3 na nusu hivi za oili, na kwa ufa ule zisingechukua dakika kumi kuisha. Kama ningemsikiliza shemeji yangu, ningepoteza injini nzima.

Kijana mmoja wa kijiji alitumwa dukani akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia. Fundi aliyeitwa kwa pikipiki alilala chini kwenye matope, akaufuta ufa kwa kitambaa kikavu, akasugua sabuni mpaka ikajaa na kuwa ngumu, tukamimina oili mpya, na kwa sabuni hiyo tukafika Bukavu taratibu sana, wanne wakiwa kwenye taksi na maharage yakiwa kwenye pikipiki. Bakuli lilichomelewa siku ya pili. Wiki iliyofuata nilifungiwa chini ya injini bamba la chuma lenye bolti nne na tundu la kutolea oili, na wewe ufanye hivyo kabla ya mvua za Novemba. Bamba hilo hushika matope na hulia bolti zikilegea, lakini limeshapigwa mara nyingi na injini haijaguswa. Mafundi wengine watakushauri kuinua gari kwa vipande vya raba juu ya springi. Mimi nilikataa, kwa sababu shafti za magurudumu ya mbele hukaa mshazari na viungo vyake huisha mapema.

Baada ya Walungu nilijifunza kukataa, na haikuwa rahisi. Mjomba wako aliniomba nimpelekee mifuko sita ya saruji hadi Panzi. Mifuko sita ya kilo 50 ni kilo 300, imeshapita zile 275 kabla dereva hajaketi. Nilimwonyesha hesabu hiyo kwenye karatasi, nikampa nauli ya pikipiki ya magurudumu matatu, naye akakaa miezi miwili bila kunipigia simu. Niliumia. Alirudi mwenyewe, na tangu siku hiyo huniuliza kwanza: “Dada, gari lako linaweza?” Wewe ni muuguzi, mpole, na kila mtu wodini ataujua usafiri wako ndani ya wiki moja. Watakuomba uwapeleke Likasi kwenye msiba watano na mizigo yao. Wapeleke watatu, na usimpe mtu yeyote nafasi ya kukufanya uone haya kwa hilo.

Kwa upande wa mvua, Lubumbashi ina tabu ambayo sisi wa milimani hatuna: maji hayana pa kukimbilia. Katika mitaa ya Katuba na Kenya yanasimama barabarani kama bwawa. Usiingie kwenye maji ambayo huoni chini yake, hata kama jipu limetangulia likapita; mdomo wa jipu wa kuvutia hewa uko juu, wako uko chini.

Jambo lingine usilolitaja ni usukani. Unakaa kulia, na sisi Kongo twaendesha upande wa kulia, maana yake unakaa kwenye mtaro na lori lililo mbele linakuziba macho kabisa. Mjini utazoea baada ya mwezi. Barabara ya Likasi, kilomita kama 120 zilizojaa malori ya madini, sharti uwe na abiria mbele ambaye unamwamini macho yake, au ubaki nyuma ya lori hadi mwisho. Nakuomba ubaki nyuma. Tena taa: taa za magari ya Japani zimetengenezwa kuangaza zaidi kandokando ya kushoto, na kwetu kushoto ndiko anakotokea mwenzako, kwa hiyo unampofusha hata ukiwa umezishusha. Fundi wa umeme azielekeze chini kidogo, au ubadilishe taa zenyewe ukipata za Yaris ya Ulaya, ya upande wetu.

Redio yake huishia 90 kwenye FM, ndivyo ilivyo Japani, na vituo vingi hutavisikia mpaka ununue nyingine. Hilo ni dogo.

Gia za otomatiki si jambo dogo. Za gari hili ni za aina ya CVT, hazina hatua za kwanza na za pili, na zina mafuta yake maalumu. Jirani yetu alimwachia fundi gari lake, fundi akamimina mafuta mekundu ya otomatiki za kawaida, na kabla ya miezi mitatu gari lilikuwa likitetemeka kila likianza kuondoka, kisha likakataa kabisa kupanda mlima. Boksi jipya la gia lilimgharimu karibu thamani ya gari. Muulize muuzaji mafuta gani yaliwekwa na lini, na kama hajui, toa fedha ya kuyabadilisha yote kabla ya jambo lingine lolote.

Usilipe siku ya kwanza. Nenda Jumamosi asubuhi na mapema, kabla mwenyewe hajaliwasha, uweke kiganja juu ya boneti: iwe baridi. Vuta kipima oili utazame rangi. Mwambie fundi wako alale chini aangalie bakuli kama limewahi kuchomelewa, halafu likiwashwa sikilizeni sekunde za kwanza, maana mnyororo uliochoka hukwaruza wakati huo kisha hunyamaza. Weka gia ya mbele ukiwa umekanyaga breki, lisitetemeke. Tafuta mwinuko wowote, uupande kinyumenyume polepole.

Na nipigie ukiwa bado hapo, kabla hujatia saini. Uiweke simu karibu na injini, nisikilize.

Mama yako