Kivunjike nini kwanza? Niliyojifunza kwa kuunda bagi ya rimoti hapa Tanga

Watu wa Tanga tuna neno letu: waja leo, waondoka leo. Bagi yangu ya kwanza, gari dogo la mbio na kuruka matuta linaloendeshwa kwa rimoti, ililitii kikamilifu. Nilifunga skrubu ya mwisho Jumamosi asubuhi, saa kumi alasiri nikaipeleka kwenye kiwanja cha vumbi kule Sahare tulikojichongea njia ya mbio, na kabla ya adhana ya Magharibi nilikuwa nairudisha nyumbani ndani ya ndoo ya rangi.

Haikugongwa na mtu. Iliruka tuta, tuta lenyewe la kimo cha goti, ikatua kwa gurudumu la nyuma la kulia. Nikasikia "ka!" moja kavu, kisha mota ikawa inalia bure na gari limesimama.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejisifu sana juu ya mikono ya sespensheni, ile inayoshikilia magurudumu huku na huku. Niliikata kwa alumini ya milimita 4, mabaki niliyouziwa na fundi wa madirisha, nikaipiga msasa mpaka ikang'aa. Nikawaambia wenzangu hii haivunjiki. Na kweli haikuvunjika. Nilipofungua gari usiku ule, mkono ulikuwa mzima kama ulivyotoka kwenye msumeno. Nguvu ya kuanguka iliupita tu ikaenda kutafuta mnyonge: pini ya chuma inayoushikilia mkono kwenye giaboksi ilipinda, na giaboksi ikapasuka kuanzia tundu la pini mpaka kwenye kiti cha beringi. Sasa giaboksi ndiyo kitu ambacho siwezi kukiunda nyumbani. Niliagiza nyingine kutoka nje, ikakaa njiani wiki sita. Wiki sita nimesimama pembeni ya njia, nawashikia wenzangu saa.

Tangu hapo, kila nikikaa na penseli najiuliza swali moja: gari likianguka vibaya, kivunjike nini kwanza? Maana kitu kitavunjika, hilo halina mjadala. Kazi ya bagi ni kurushwa. Unachoamua wewe ni kipi kivunjike, na mimi nimeamua kiwe kile ninachoweza kukikata upya jikoni kwa saa moja.

Jikoni nimesema makusudi. Mikono ya bagi yangu ya sasa imetokana na kibao cha kukatia nyama, vile vibao vyeupe vya plastiki nzito vinavyouzwa sokoni Ngamiani. Chagua chenye unene wa milimita 10 au zaidi, na kisiwe na mifereji mingi. Plastiki ile inapinda halafu inarudi, na ikizidiwa inang'oka pale kwenye tundu la pini tu, giaboksi inabaki salama. Ichore kwa maka peni, ikate kwa msumeno wa chuma, maliza kingo kwa kisu. Ukitoboa, keekee izunguke polepole. Ukiharakisha plastiki inayeyuka, tundu linapanuka, na gurudumu litacheza kama jino la mtoto wa miaka saba. Usihangaike na gundi, haishiki kabisa kwenye plastiki hii. Toboa tundu la milimita 2.5, skrubu ya milimita 3 itajichongea njia yenyewe na haitalegea. Kibao kimoja kinanipa mikono minne na kipande cha kukosea.

(Kibao cha kwanza nilichokata kilikuwa cha mama. Nilidhani hakitumiki.)

Mawazo haya si yangu peke yangu. Mwaka 1984 kampuni ya Team Associated ya Marekani ilitoa bagi iitwayo RC10, iliyobuniwa na Roger Curtis, na watu wa mchezo huu mpaka leo wanaitaja kwa heshima. Chesisi yake, yaani kiunzi cha chini kinachobeba kila kitu, ilikuwa ya alumini, lakini mikono ilikuwa ya nailoni. Mtu aliyekuwa na alumini mkononi akaamua kutoitumia pale. Mimi nililijua hilo baada ya kupasua giaboksi, si kabla.

Basi kama unaanza, nenda hivi. Nunua vitu vinavyotaka usahihi wa mashine: giaboksi na difu yake, shokapu, beringi, mota na kidhibiti chake, sevo (mota ndogo inayogeuza stering), rimoti na risiva inayopokea mawimbi yake ndani ya gari. Tairi pia nunua. Vilivyobaki unda mwenyewe: chesisi, mikono, nguzo za shokapu, stering, bodi na bawa la nyuma. Chukua kipimo cha moja kwa kumi, yaani sehemu ya kumi ya gari la kweli, ndicho chenye vipuri vingi. Upana wa gari zima usizidi milimita 250, na rimu zake za nyuma zinakaa kwenye nati ya pembe sita ya milimita 12. Anza na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. La magurudumu manne ni tamu kuendesha, ila ni giaboksi mbili za kulilia.

Kabla ya kukata chochote, chora gari zima kwenye karatasi ya manila kwa ukubwa wake halisi, halafu weka tairi zenyewe juu ya mchoro. Zungusha za mbele mpaka mwisho kushoto na kulia. Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza, na gari likawa linakata kona kulia tu. Kushoto tairi lilikuwa linagusa mkono wake.

Chesisi ya kwanza nayo niliikata kwenye bati la fundi yuleyule wa madirisha. Ile alumini ni laini, imetengenezwa ikamuliwe iwe fremu, si kurushwa hewani. Baada ya mbio mbili niliilaza juu ya meza ya kioo, nikabonyeza pembe moja kwa kidole, pembe ya pili ikanyanyuka. Gari lenye chesisi iliyopinda utalirekebisha springi mpaka uzeeke. Ukipata bamba la alumini ngumu, lililoandikwa 6061 au 7075, lichukue bila kubishana sana na bei. Ukikosa, bamba la faiba la milimita 3 linafaa, ila likate ukiwa umeliloanisha maji na umefunga pua na mdomo. Vumbi lake si la kuvuta.

Uzito uuweke wapi? Kwetu hapa njia ni vumbi jepesi juu ya udongo mgumu, tairi za nyuma zinateleza muda wote, kwa hiyo mota yangu nimeiweka nyuma ya ekseli na betri katikati. Wenye njia za zulia au udongo unaoshika wanaweka mota mbele ya ekseli, wasikilize ukihamia kwao. Azima mzani wa jikoni, weka magurudumu ya mbele juu yake, ya nyuma yakae kwenye kitabu chenye kimo kilekile, usome, kisha geuza. Langu linasoma asilimia 38 mbele na 62 nyuma. Kushoto na kulia sihitaji mzani: nalinyanyua kwa ncha mbili za bisibisi, moja mbele na moja nyuma kwenye mstari wa katikati, upande mzito unalala wenyewe.

Sehemu ninayoipenda zaidi kwenye gari langu haionekani kwa mbali. Ni fito za stering, na zimetokana na spoku za baiskeli. Tanga hukosi spoku. Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi baiskeli pale Ngamiani, nikamwamkia shikamoo, nikamwekea gari mezani. Akaligeuza, akalipima kwa mkono.

"Marahaba. Chuma chote hiki cha nini, mjukuu wangu? Unabeba mkaa?"

Nilikuwa nimeweka fito za chuma za milimita 4. Yeye akachukua spoku, milimita 2 tu, akaikunja ncha zote mbili kwa umbo la Z ziingie kwenye matundu, kisha katikati akaikunja V ndogo. Nikamuuliza V ya nini. Akachukua plaizi, akaibana kidogo, fito ikafupika, na gurudumu likageuka ndani kiasi cha unene wa kucha. Akaipanua, likarudi. Hivyo ndivyo ninavyoweka magurudumu sawa mpaka leo, na wenye fito za kununua zenye nyuzi kushoto na kulia wananicheka huku wananiomba plaizi. Faida ya pili niliiona baadaye: nikigonga jiwe, ile V ndiyo inayopinda, na meno ya sevo yanabaki. Spoku na sevo bei zake hazisalimiani.

Kuhusu mwendo nitasema kidogo, kwa sababu kila mtu huanzia hapo na ndipo pesa inapopotelea. Namba ya Kv iliyoandikwa kwenye mota ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti, mota ikiwa haina mzigo. Yangu ni 3900, betri ni ya volti 7.4, kwa hiyo ni karibu mizunguko 28,900. Gia kubwa ina meno 78, pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, 21, na ndani ya giaboksi kuna uwiano wa 2.6; ukigawa 78 kwa 21 ukazidisha kwa 2.6, mota inazunguka mara 9.7 hivi tairi likizunguka mara moja. Kwa tairi la kipenyo cha milimita 83 unapata kama kilomita 47 kwa saa. Kijana mmoja pale kiwanjani alitia pinioni ya meno 28 apate kilomita 62. Kwa hesabu anazipata. Lakini sehemu yetu iliyonyooka ina mita 25 tu, hafiki huko, na mota yake baada ya dakika sita ukiidondoshea tone la maji linachemka. Mota ikipita nyuzi 80 mimi nasimama, kwa sababu joto likizidi sumaku za ndani zinapoteza nguvu, na hazirudi. Punguza meno ya pinioni. Utatoka kwenye kona haraka zaidi.

Shokapu zijaze mafuta ya silikoni. Mimi nilibana matumizi nikatia mafuta ya cherehani. Siku ya kwanza gari lilidunda kama mpira wa tenisi, na baada ya wiki oringi, zile pete za mpira za kuzuia mafuta, zilikuwa zimevimba, shafti haipandi wala haishuki. Ukishaweka mafuta yanayofaa, lipime hivi: liinue sentimita 30 liwe bapa, liachie lianguke kwenye sakafu. Linatakiwa kushuka, tumbo liguse sakafu kidogo au likaribie, halafu lipande mara moja na kutulia. Likipiga sakafu kwa kishindo, tia mafuta mazito zaidi. Likirukaruka, mafuta ni mepesi au springi ni ngumu mno. Kwetu mchana kuna joto kali na mafuta hulegea, kwa hiyo fanya jaribio hilo mchana kiwanjani, si usiku chini ya feni.

Bodi sitaieleza sana. Chonga mbao laini kwa umbo unalotaka, ivalishe chupa kubwa ya maji, pasha kwa hewa ya moto mpaka ibane. Rangi paka kwa ndani ili mawe yasiibandue. Haitapendeza kama ya dukani na hakuna atakayejali baada ya vumbi la mzunguko wa kwanza.

Adui yetu mkubwa Tanga ni chumvi. Upepo wa bahari peke yake unatosha kukuozeshea skrubu za chuma zilizoingia kwenye alumini; zikishang'ang'ania, utakata vichwa. Paka grisi kidogo kila skrubu, na nunua beringi zenye kifuniko cha mpira. Na ukishawishiwa kupiga picha gari likirusha mchanga ufukweni Raskazone, kataa. Rafiki yangu hakukataa. Beringi zake ziligeuka rangi ya chai ndani ya siku tatu.

Betri za lipo (lithiamu polima) ndizo peke yake ambazo sifanyi nazo ubunifu wowote. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, usipite hapo. Kiwanjani naacha kuendesha ikifika 3.3, ya kukaa kabatini iwe 3.8. Betri ya 5000 mAh naichaji kwa ampea 5, nikiwa nimekaa pale pale, betri imo ndani ya chungu kilichowekwa sakafuni mbali na mapazia. Ikivimba kama andazi, imekwisha, usiichome wala kuitoboa kuitoa hewa. Nakuomba pia kabla ya kila mbio uzime rimoti gari likiwa limenyanyuliwa, uone kama magurudumu yanasimama. Yasiposimama, weka sawa mpangilio wa usalama kwenye risiva kabla hujaligusisha chini. Pembeni ya njia yetu wanakaa watoto wanaotoka madrasa, na gari la kilo moja na nusu kwa mwendo ule linavunja mguu.

Njia yenyewe tumeichora kwa milingoti ya mkonge, myepesi, ukiigonga inabingirika. Msimu huu nimebadilisha mikono mitatu na V mbili za spoku. Giaboksi ni ile ile iliyokaa njiani wiki sita.

Mama naye alinunua kibao kingine. Amekitoboa tundu pembeni, amekitia kamba ya katani, na akimaliza kupika anakwenda kukitundika chumbani kwake, nyuma ya mlango.