Mgodi wa chumvi Wieliczka: mama ana magoti, rafiki anaogopa kubanwa, niende nao?

Mkuu umeuliza kama mkifika Kraków, huko Poland, unaweza kwenda Wieliczka na mama ambaye magoti yanamsumbua pamoja na huyo rafiki yako anayeogopa sehemu za kubana. Mimi nimeshaingia na ndugu zangu, na kwa nilivyoona rafiki mchukue tu, kwa mama ndo tuongee kwanza.

Mnaanza na ngazi za mbao, kama 380 hivi, unazunguka zunguka humo mpaka mita 64 chini, halafu njiani zinaendelea kidogo kidogo mpaka jumla inafika kama 800 na mnaishia mita 135. Watu wanadharau wanasema kushuka si kupanda, sasa shemeji yangu mtu wa mazoezi kabisa alifika chini miguu inamtetemeka anajifanya anasoma kibao ukutani. Na huwezi kujitembelea mwenyewe, mnaingia kikundi na muongozaji, masaa mawili mpaka matatu mnatembea, na kikundi hakisubiri mtu, ukisimama kupiga picha unakuta mlango unafungwa. Kwa hiyo kwa ajili ya mama waandikie watu wa mgodi mapema uwaulize utaratibu wa wasioweza ngazi kushushwa na lifti, usisubiri kuulizia getini.

Rafiki yako nahisi anawaza mashimo ya kutambaa. Hamna kitu kama hicho kwenye njia ya wageni, korido zina taa, hewa inazunguka vizuri tu. Kikanisa cha Mtakatifu Kinga (ni jina la mtu) kiko mita 101 chini na kina urefu wa mita 54, dari huko juu kama mita 12, na sakafu ukiiangalia utaapa ni vigae vimepangwa kumbe ni mwamba ule ule wa chumvi umechorwa mistari, umeng'aa kwa kukanyagwa. Walioanza kuchonga mwaka 1896 walikuwa wachimbaji wenyewe, si wasanii wa kusomea. Halafu msitegemee weupe, chumvi ya humo ni ya kijivu kama jiwe la kawaida, binamu yangu hakuamini mpaka akalamba ukuta (wengi wanalamba, mimi nilikataa, nikiwaza ndimi zilizonitangulia hapana kwa kweli).

Ila kilichonikaa zaidi wala si hicho kikanisa wanachokitangaza, ni habari ya wachoma gesi. Methani, gesi ya mgodini inayoweza kulipuka, ni nyepesi kuliko hewa inakusanyika juu darini, sasa kulikuwa na watu kazi yao ni kutangulia wenzao, wamevaa nguo zilizoloweshwa maji, wanatambaa chini na mwenge kwenye mti mrefu wanaichoma kabla haijawa nyingi ikalipuka. Hapo ndo nikaanza kuangalia matimba kwa jicho lingine, magogo yamepangwa mpaka darini na yako imara, maana chuma humo kinaliwa na kutu ila mti ukinywa chumvi unakuwa mgumu hauozi. Farasi nao walifanyishwa kazi humo chini kwa karne nyingi, wa mwisho katolewa 2002, wakati uchimbaji wa kibiashara ulishasimama 1996. Muongozaji akiwa mzuri mng'ang'anieni na maswali ya hivi, wakimya wanapewa hotuba ya kukariri.

Bebeni koti hata kama ni kiangazi, chini ni baridi ya nyuzi 14 mpaka 18 mwaka mzima.

Kitu kimoja tu cha kumuandaa huyo rafiki ni lifti ya kutokea. Ni ya kimgodi hasa, mnasukumwa bega kwa bega kwenye kijichumba kidogo, giza, inapanda kwa kasi huku inagonga gonga, bahati nzuri haichukui hata dakika. Mwambie asiwahi kuingia, awe wa mwisho ili abaki upande wa mlango.