Mtoto wa mwaka na ushee anayejibwaga chini: neno la baba anayeshinda naye

Dada, salaam. Umesema mwanao ana mwaka mmoja na miezi saba, alikuwa mtoto wa kucheka na kila mtu, na siku hizi akinyimwa kitu anajibwaga sakafuni na kulia mpaka sauti inakatika. Chakula anatema, usiku anaamka ovyo. Mama mkwe anasema umemdekeza, jirani anasema dawa ni fimbo, na wewe unauliza kama hii ni tabia au ni ugonjwa. Kinamama wamekujibu vizuri. Acha na baba mmoja aseme lake.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Cherehani iko barazani kwetu. Mke wangu ni mwalimu, na zile siku 84 za likizo ya uzazi zilipokwisha akarudi darasani, mtoto akabaki na mimi na mama yangu. Binti sasa ana miaka miwili na kidogo. Kwa hiyo haya nimeyashinda nayo mchana kutwa, sijayasikia kwa watu.

Jibu fupi: si ugonjwa, wala hujamdekeza. Mtoto wa umri huo anaelewa mengi kuliko anayoweza kuyasema, na anataka mengi kuliko mikono yake inavyomruhusu. Hapo katikati ndipo kilio kinapotokea. Msimu wa machungwa ya Muheza binti yangu alitaka chungwa, nikalimenya, nikampa. Akaliangalia, akalitupa, akajilaza chini kama aliyefiwa. Alichotaka ni kulimenya yeye. Sasa chungwa lililokwisha kumenywa utalirudishaje ganda? Nikakaa chini pembeni yake, nikaondoa mkasi na kigoda karibu na kichwa chake, nikanyamaza. Sikumbembeleza kwa biskuti, sikumfokea, sikumpigia mahubiri. Kilio kikiwa kikali mtoto hasikii maneno, unajichosha bure. Kinapoanza kushuka na kuwa cha kwikwi, ndipo unanyoosha mikono. Mara nyingi anakuja mwenyewe na kulala begani, na lile chungwa lile lile analila.

Hapo hapo nikwambie na la tahadhari. Kama analia mpaka midomo inageuka rangi ya bluu au anapoteza fahamu kidogo, mpeleke aonwe. Mara nyingi hakuna baya, ila wakati mwingine damu huwa imepungua, na hiyo ina tiba.

Kuhusu fimbo nina msimamo na sijifichi. Mtoto wa mwaka na nusu hajui kuunganisha kofi na kosa. Anachojua ni kwamba yule mtu anayemkimbilia akiogopa ndiye huyo huyo anayemtisha. Na anajifunza kupiga. Ukitaka kuhakikisha, kaa barazani jioni uwatazame wanaocheza: anayemzaba mwenzake makofi kila mara, mara nyingi naye nyumbani anazabwa. Utaambiwa samaki mkunje angali mbichi. Mimi nimeambiwa sana, na wateja, na majirani, na mjomba. Huwa nawajibu kwamba samaki haamki saa nane usiku akamwita mama.

Haimaanishi kwamba kila kitu ni ruhusa. Kwetu makatazo ni machache, lakini yakishatamkwa hayabadiliki, si kwa kilio, si kwa bibi: hagusi jiko, hagusi mkasi, havuki kizingiti cha kuelekea barabarani peke yake, hapigi mtu. Mengine yote nimeyaachia. Kuvaa viatu mguu wa kulia kushoto, avae. Kubeba kifuniko cha sufuria mpaka kitandani, akibebe. Ukimkataza mambo arobaini kwa siku, neno hapana linakuwa kama kelele za bodaboda nje, hakuna anayegeuka.

Lililotusaidia kuliko yote ni kumpa kazi. Midoli ananunuliwa, anaicheza robo saa, anairudia sindano na bobini, kwa sababu ameshaona kwamba watu wazima hawahangaiki na midoli. Anataka kitu cha kweli. Basi binti yangu ana kazi yake: vipande vya kitambaa vinavyoanguka nikikata, yeye anaviokota na kuvitia kwenye mfuko. Kibanio cha nguo anampelekea bibi, kimoja kimoja, anarudi, anachukua kingine. Chaki ya kuchorea ni yake, na amekwisha kunichora suruali kwa mstari ulionyooka kuliko mingine ya mwanafunzi wangu. Kazi inachelewa, siwezi kudanganya. Gauni la siku moja linakuwa la siku mbili, na wateja wa harusi nawaambia mapema. Lakini asubuhi aliyopewa kazi, kilio kinapungua hata jirani anauliza kama mtoto kasafiri.

Wewe hujasema unafanya kazi gani, ila jikoni zipo nyingi. Kuchambua majani ya mchicha. Kutia viazi kwenye beseni na kuvitoa. Kufuta meza iliyokwisha kufutwa.

Sasa usalama, na hapa nitakaa kidogo maana mimi naishi na mtoto ndani ya karakana. Pini na sindano nazipitia kwa sumaku kila nikimaliza, sitegemei macho. Vifungo viko kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, juu ya kabati, kwa sababu kifungo cha shati kinaenea kabisa kwenye koo la mtoto. Karanga, korosho na bisi hapewi mzima mzima, hata wageni wakinuna, karanga natwanga. Betri ndogo za duara, zile za saa na za rimoti nyembamba, ziogope kuliko sindano: ikikwama kooni inaunguza nyama kwa muda wa saa chache tu, kwa hiyo ukishuku kameza, ni hospitali mara moja, si kusubiri atoe chooni. Mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda hata siku moja. Na mtoto akinywa, usimtapishe, maana yakipanda yanaingia kwenye mapafu. Kimbia naye kituo cha afya.

Halafu ndoo. Sisi wa maji ya mgao tuna ndoo na mapipa kila pembe. Kichwa cha mtoto wa umri huu ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kuchungulia akatumbukia hawezi kujinyanyua, na hapigi kelele. Maji ya kina cha kiganja yanatosha. Kila ndoo kwetu ina mfuniko, na beseni la kuogea linamwagwa pale pale.

Chakula. Hili naona ndilo linalokuliza, na ndilo rahisi kuliko unavyodhani. Mtoto akimaliza mwaka wa kwanza, uzito wake huwa umefika mara tatu ya ule aliozaliwa nao. Mwaka wa pili anaongeza kilo mbili au mbili na nusu tu, mwaka mzima. Mwili umepunguza mwendo, na hamu ya kula imepungua nayo. Wewe bado unampimia bakuli la mtoto wa miezi tisa anayekua mbio. Chukua kadi ya kliniki uangalie mstari wake: kama unapanda, hata taratibu, mtoto anakula cha kumtosha. Ukilala au ukashuka, hapo kuna jambo la kwenda kuuliza.

Kumshika pua na kumshindilia uji acha kabisa, hata kama ndivyo tulivyolelewa. Angalia pia anachokunywa kabla: kikombe cha chai ya maziwa saa nne na biskuti mbili, saa saba utamlaumu nini? Kwetu anakaa nasi kwenye sinia, wali wake umewekwa upande wake, samaki nimemtoa miiba kwa vidole, na anakula kwa mkono wake mwenyewe. Nusu inakwenda kwa kuku. Siku nyingine anakula mchuzi mtupu, siku nyingine anamaliza kabla yangu. Kama bado ananyonya, aendelee. Ushauri wa kliniki ni mpaka miaka miwili au zaidi, na wanaokusema ni watu wasioamka naye usiku.

Usiku sasa. Umri wa mwanao ndio magego ya kwanza na chonge zinapotoka, na hayo yanauma kuliko meno ya mbele. Kitambaa safi kilicholowanishwa maji ya baridi, atafune, kinasaidia. Lakini usikubali kila kitu kiitwe meno. Mtoto akichemka, si meno mpaka apimwe malaria. Akiharisha, si meno: ni ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki kwa siku zote 10 hata kama choo kimekauka siku ya tatu. Bibi wengi, na wangu yumo, wana imani kubwa na meno.

Usingizi wake kwa siku, ukijumlisha na ule wa mchana, ni saa 11 mpaka 14. Ukiona anaamka sana usiku, angalia kama usingizi wa mchana hauendelei mpaka saa kumi na moja jioni. Na simu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mwenye mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Najua maisha yalivyo, wakati mwingine unahitaji dakika kumi za kuoga. Ila katuni kabla ya kulala sisi tuliondoa, na tofauti tuliiona wiki hiyo hiyo. Taa tunapunguza, anapewa maji, bibi anamsimulia sungura na fisi kwa Kisambaa, na kabla fisi hajadanganywa mtoto yuko mbali.

Maana umegusia pia kwamba anakulilia ukitoka: usimtoroke. Najua ushauri wa mjini ni kumzubaisha na kuku halafu ukapite mlango wa uani. Mtoto anayetorokwa anaanza kukulinda, hakuachii hata uende chooni. Mke wangu anamuaga, anambusu, anamwambia atarudi mchana, anapanda baiskeli anaondoka, kilio kikipigwa. Wiki za mwanzo ilikuwa maombolezo. Sasa hivi anapunga mkono akiwa tayari anaangalia ni kitambaa gani nimekitandika mezani.

Na kwa kuwa mwanao kapita mwezi wa 18, fungua hiyo kadi tena uone chanjo ya pili ya surua na rubela. Watu wengi wakishamaliza ile ya miezi tisa wanaona kliniki imekwisha. Haijaisha. Matone ya vitamini A ni kila miezi sita, na dawa ya minyoo inaanzia mwaka mmoja. Kabla hujaenda, jiulize na haya: je, anakuonyesha vitu kwa kidole ili na wewe uone? Anageuka akiitwa jina? Ana maneno kadhaa, hata ya kuvunjika vunjika? Kama hana, au alikuwa nayo yakapotea, usisubiri kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa kusema.

Nimekuandikia shida tupu, na ingekuwa hivyo tu nisingekuwa na hamu ya kuamka. Ukaidi huo huo unaokuchosha una upande wake. Binti yangu akiamua kwamba paka apimwe kwa futi, paka atapimwa, kifua, kiuno na mkia, na mimi naulizwa kwa macho kama nimeandika. Bibi yake akisujudu, naye anasujudu, ila ameelekea kabatini. Mteja akija, yeye ndiye anayeamua nani akalie kigoda. Mama yake akirudi mchana anapokelewa na taarifa ndefu ya siku nzima, mikono inapunga, sauti inapanda na kushuka, na ndani yake neno linaloeleweka ni baiskeli peke yake. Mwezi uliopita uzi ulikatika nikiwa katikati ya pindo. Kabla sijainuka akaja na kibunda cha rangi ile ile, akasema, "Baba, uzi." Maneno mawili yamekaa pamoja kwa mara ya kwanza. Nilisimamisha kazi nikamwita mama yangu kutoka jikoni aje asikie, na mtoto akakataa kurudia.

Mama mkwe usigombane naye. Mimi mama yangu nilimpa kazi vilevile: ndiye msimulizi wa usiku na ndiye anayekwenda kliniki na kadi. Akisikia kwa nesi kuhusu meno na homa anakubali, akisikia kwangu mimi ni kijana wa juzi.

Uliuliza mwishoni kuhusu poti. Wanasema wengi huwa tayari kati ya mwaka na nusu na miaka mitatu. Letu lipo, jekundu, zuri, analivaa kichwani.