Maswali ya Wasomaji: Kulazwa kwa Vipimo vya Neva Zinazojiendesha

Barua za safari hii zinahusu neva zinazosimamia mapigo ya moyo, presha, jasho, tumbo na kibofu bila sisi kuziamrisha. Zikilegea, mtu akisimama anaona giza au moyo unakwenda mbio, na vipimo vya kawaida vya hospitali mara nyingi havionyeshi kitu.

SWALI: Nina miaka 29, naishi Leicester. Nikisimama moyo unadunda vibaya na mara mbili nimeanguka. Nimeandikiwa kulazwa siku mbili kwenye hospitali ya neva ya Queen Square, London. Natumia propranolol na fludrocortisone, navaa soksi za kubana na nakunywa lita 3 za maji kwa siku. Nijiandae vipi?

Dada, anza na dawa, maana ndizo zinazoharibu vipimo hivi kuliko kitu kingine chochote. Propranolol inazuia mapigo yasipande. Ukipimwa ikiwa bado mwilini, majibu yatakuwa ya kidonge, si yako. Fludrocortisone inazuia chumvi na maji yasitoke, na nguvu yake inabaki siku kadhaa baada ya kidonge cha mwisho. Lakini usikate dawa kwa uamuzi wako. Propranolol ikiachwa ghafla moyo unaweza kulipuka mbio na presha kupanda, ndiyo maana hupunguzwa kidogo kidogo. Clonidine, dawa nyingine ya kushusha presha, ni hatari zaidi kwa hilo. Pigia simu kitengo kitakachokupima, siyo mapokezi, uwatajie kila dawa kwa jina na uulize mambo matatu: kidonge cha mwisho ninywe lini, nipunguze vipi, na nikizidiwa katikati nimpigie nani.

Kisha andika karatasi moja yenye jina la dawa, miligramu, saa za kunywa na saa ya dozi ya mwisho. Usiache nje dawa unazoziona ndogo. Chlorphenamine ya mafua na mzio, hyoscine ya msokoto wa tumbo na amitriptyline ya usingizi au maumivu zote hukausha jasho na kugusa mapigo. Dawa za mitishamba nazo ziandike.

Asubuhi ya kipimo fuata saa za kula zilizoandikwa kwenye barua yako. Mara nyingi ni kifungua kinywa chepesi, kisha saa kadhaa bila chakula. Soksi za kubana ziache kwenye begi. Na maji usiyabugie kwa mkupuo mlangoni. Kwa mtu ambaye neva zake zimechoka, nusu lita ya maji ikinywewa mara moja hupandisha presha ndani ya dakika chache, na kilele chake huja baada ya kama nusu saa, yaani pale pale unapokuwa kitandani unapimwa.

Kipimo kikubwa ni kitanda kinachoinuliwa. Utalala chali, kifua kimebandikwa vibandiko vya kusoma umeme wa moyo, mkono mmoja una mkanda wa presha, na kidole cha mkono wa pili kimevishwa kimkanda kidogo kinachosoma presha pigo kwa pigo. Kidole cha baridi hakisomeki, kwa hiyo njoo na glovu za sufu. Vua pete, futa rangi ya kucha, na hina nyeusi ya piko vidoleni iahirishe. Ukishatulia, unafungwa mikanda kifuani na magotini, kitanda kinainuliwa hadi nyuzi 60 au 70, nyayo zikiwa zimekanyaga ubao, na unakaa hivyo dakika 10 au zaidi.

Hapo ndipo wengi wanapojiharibia bila kujua: wanakaza mapaja, wanabadilisha mguu, wanakunja vidole. Mwili umeshajifunza kujiokoa hivyo, kwa sababu misuli ya miguu ikikazwa inasukuma damu irudi juu. Legeza miguu. Kinachotafutwa ni mapigo kupanda kwa 30 au zaidi kwa dakika ndani ya dakika 10 bila presha kuanguka (40 kwa wenye miaka 12 hadi 19), hali inayoitwa POTS. Au presha ya juu kushuka kwa 20, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3.

Vipimo vingine ni vifupi. Utapuliza kwenye mrija na kushikilia mshale wa saa inayopima nguvu ya pumzi kwenye 40 kwa sekunde 15. Ukivimbisha mashavu au pumzi ikivuja pembeni ya midomo, unarudia, na kurudia kunachosha. Utavuta pumzi sekunde 5 na kuitoa sekunde 5 kwa dakika nzima. Unaweza pia kubana kishikio kwa theluthi ya nguvu zako kwa dakika 3, kuwekewa barafu mkononi sekunde 90, au kutoa hesabu kichwani. Ikiwa dalili zako huja baada ya kula, utapewa mlo wa kunywa na kuinuliwa tena dakika 45 baadaye. Kama maziwa yanakusumbua, waambie mapema.

Wakitaka kupima noradrenalini (kemikali ambayo neva hizi huitoa) kwenye damu, kanula, yaani kimrija cha kubaki mshipani, inawekwa kwanza, kisha unalala kimya kama nusu saa ndipo damu inachukuliwa. Maumivu ya sindano yenyewe huipandisha. Nenda chooni kabla, na simu izime. Ugomvi wa WhatsApp unaonekana kwenye majibu.

Begi lako: shati au gauni la vifungo mbele na mikono mipana (dera litakusumbua vibandiko vinapowekwa), viatu visivyoteleza, kanga ya kujifunikia kifua, na chaja ya waya mrefu. Unaweza kuomba mpimaji mwanamke, nawe uombe siku ile unapopiga simu, siyo ukishavua nguo. Usijipake losheni wala mafuta ya nazi: vibandiko havishiki, na kipimo cha jasho kinavurugika. Na usipange kurudi Leicester ukiendesha gari mwenyewe.

SWALI: Chai, kahawa na miraa niache siku ngapi kabla? Na nikiumwa kichwa?

Fuata barua ya hospitali, kwani kila kitengo kina saa zake; siku moja nzima bila kafeini, sigara na pombe ni kipimo cha chini cha busara. Mnywaji wa vikombe vingi aanze kupunguza wiki moja kabla, la sivyo atafika na kichwa kinachogonga. Miraa usiifiche. Inapandisha presha na mapigo kwa njia ile ile inayopimwa, na mpimaji asiyejua atakusomea ugonjwa usio wako. Kwa kichwa, soma pakiti: Panadol ya kawaida haina kafeini, Panadol Extra ina miligramu 65 kwa kila kidonge. Na kama tarehe imeangukia Ramadhani, waambie. Kipimo cha alasiri ukiwa umefunga kitapima upungufu wa maji.

SWALI: Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 61 na kisukari cha miaka mingi. Akiamka anapepesuka. Kabla ya kuhangaika na hospitali za mbali, kuna la kufanya nyumbani?

Lipo, na ni la maana kuliko watu wanavyodhani. Tafuta mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, siyo ya kifundo cha mkono. Alfajiri, kabla ya chai na kabla ya dawa, mama alale chali dakika 5, upime presha na mapigo. Asimame, kiti kikiwa nyuma yake na mtu karibu, upime dakika ya 1 na ya 3. Akiona giza akae mara moja, kipimo kimetosha. Rudia siku tatu, na mara moja saa moja baada ya mlo mzito wa mchana.

Sasa angalia mapigo, maana wengi huandika presha tu. Tuseme presha ya juu imeshuka kwa 30. Mapigo yakipanda chini ya 15, yaani chini ya nusu ya kiasi presha ilichoshuka, neva zinashukiwa. Yakipanda sana, fikirieni kwanza kukosa maji, kuhara au kupoteza damu. Hesabu hii haifai kama anatumia atenolol au dawa za jamii hiyo zinazozuia mapigo yasipande, kama propranolol.

Peleka karatasi kliniki pamoja na dawa zake zote, na uulize kuhusu furosemide, prazosin na tamsulosin kama zimo. Mara nyingine kinachomwangusha mgonjwa ni kidonge. Kipimo cha kupumua pole pole kinaweza kufanyika kwa mashine ya kawaida ya ECG, ile ya kusoma umeme wa moyo. Akitakiwa kufunga kwa ajili ya kipimo, dozi ya insulini ya asubuhi ile ipangwe na daktari, na glukomita aende nayo. Sukari ikiwa chini ya 4 atibiwe kwanza, kipimo kingoje. Kama macho yameathirika na kisukari, aseme kabla ya kupuliza mrija, kwani msukumo ule unaweza kupasua mishipa dhaifu ya jicho.

SWALI: Nikifika halafu nisizimie? Si wataona nadanganya?

Hawasubiri uzimie. Wanalinganisha unachosema na namba za dakika hiyo hiyo, kwa hiyo sema kila kinapoanza, na useme kwa undani: “shingo na mabega yanauma,” “sauti ziko mbali,” “mikono inatetemeka.” “Sijisikii vizuri” haiwasaidii. Omba upimwe asubuhi kama dalili zako ni kali asubuhi. Ukipewa mashine ya presha ya kuvaa saa 24, andika saa ulizolala, ulizokula, ulizopanda ngazi na ulizonywa dawa, kwani bila daftari hilo mstari ulioshuka saa 8 mchana hauna maelezo. Ukiruhusiwa, omba nakala ya majibu yenye namba zenyewe, na uhakikishe umeambiwa kwa maandishi dawa zipi unaanza tena, kwa dozi gani na kuanzia leo au kesho.